Barua ya wazi kuhusu rufaa za mafao zinazokaa bila kusikilizwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya hifadhi ya jamii,
na kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Rufaa za Mafao.

Waheshimiwa,

YAH: KUCHELEWA KUSIKILIZWA KWA RUFAA DHIDI YA MAAMUZI YA MAFAO

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha nimezimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu masijala ya baraza, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa rejista. Ya tatu niliielekeza kwa ofisi ya Waziri, nikaambatanisha nakala za zile mbili za kwanza. Jibu nililopata kwa zote tatu ni sentensi moja, kwamba shauri lipo kwenye foleni na mhusika ataarifiwa. Sasa ni miezi 19 tangu rufaa hiyo isajiliwe, na mhusika hajaarifiwa lolote.

Mhusika ni kaka yangu mkubwa. Kiharusi kilimwacha na mkono na mguu wa upande mmoja usiomtii, na kwa miaka kadhaa alilipwa posho ya ulemavu ambayo ndiyo iliyomwezesha kuishi bila kuwa mzigo kwa kila anayemzunguka. Alipoitwa kwenye tathmini mpya, mtathmini aliandika kwamba anaweza kutembea, kujipikia na kuoga bila kusaidiwa, na posho ikasimamishwa. Alikata rufaa mapema, siku nyingi kabla ya muda wa kisheria kwisha, akaambatanisha barua ya daktari na maelezo ya mtu anayemhudumia. Tangu hapo tunasubiri.

Naomba nieleweke vizuri katika jambo moja kabla sijaendelea. Siombi baraza liamue kwa upande wa kaka yangu. Inawezekana kabisa kwamba baada ya kupima ushahidi wote litaona mtathmini alikuwa sahihi, na tutaupokea uamuzi huo kama wanavyoupokea wengine. Ninachoomba ni asikilizwe. Na siandiki kwa ajili yake peke yake, kwa kuwa tangu nilipoanza kulifuatilia jalada lake nimewasaidia watu wengine kadhaa kujaza fomu zilezile na kungoja katika foleni hiyohiyo. Wapo wajane, wapo waliopoteza kazi, wapo wazazi wa watoto wenye ulemavu. Ninayoyaeleza hapa chini nimeyaona kwa macho yangu katika karatasi zao.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Muda unambana mwananchi peke yake.

Mtu aliyenyimwa fao hupewa siku 30 za kukata rufaa. Akifika siku ya 31 anatakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini amechelewa, na maelezo yake yasiporidhisha mlango unafungwa. Sina ugomvi na sharti hilo, kwa sababu mashauri lazima yawe na mwisho. Lakini ofisi iliyotoa uamuzi inapotakiwa kuwasilisha majibu yake na vielelezo vyake mbele ya baraza, haina siku ya 31. Inatakiwa kufanya hivyo ndani ya muda unaofaa, na muda unaofaa umekuwa ni muda wowote ule. Nimeona jalada ambalo mkata rufaa aliwasilisha kila alichotakiwa kuwasilisha katika wiki mbili, likakaa zaidi ya miezi minane likisubiri ofisi ilete nakala za nyaraka ambazo ofisi yenyewe ndiyo iliyoziandika.

Kuna pia hatua ya mapitio ya ndani, ambayo mwananchi analazimika kuipitia kabla ya kuruhusiwa kwenda mbele ya baraza. Hatua hii si yetu peke yetu. Uingereza, kwa mfano, iliifanya kuwa ya lazima kwa mafao mengi mwaka 2013. Nia yake inaelezeka, kwamba ofisi ipewe nafasi ya kusahihisha kosa lake haraka bila kumsumbua mtu kwa kesi. Hata hivyo hatua isiyo na ukomo wa siku huwa kizuizi, kwa maana rufaa haiwezi hata kuanza kuhesabiwa kwamba imechelewa. Takwimu za baraza zinaanza kuhesabu siku rufaa inaposajiliwa, na miezi yote aliyoipoteza mtu katika mapitio haionekani popote. Yeye anaijua, kwa kuwa aliipitia bila kipato.

2. Wakati tunangoja, uamuzi unaopingwa ndio unaotekelezwa.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na naomba Waheshimiwa mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Katika mashauri mengi ya madai, watu wawili wanaogombania kitu wanaweza kungoja, kila mmoja akiwa na chakula chake nyumbani. Rufaa ya fao haiko hivyo. Kinachogombaniwa ndicho chakula chenyewe, ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo dawa ya mwezi. Posho ikishasimamishwa, kila mwezi unaopita bila rufaa kusikilizwa ni mwezi ambao ofisi imeshinda na mkata rufaa ameshindwa, hata kama hakuna aliyetamka hivyo. Akija kushinda baada ya miaka miwili atalipwa malimbikizo, ndiyo. Lakini malimbikizo hayarudishi nyumba aliyotolewa kwa kukosa kodi, hayamrudishi kazini mdogo wake aliyeacha kazi ili amhudumie, wala hayafuti riba ya mkopo aliouchukua ili anunue dawa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo hili msemo huo ni kweli kwa maana yake ya kawaida kabisa, ya tumbo lisilo na kitu.

Mahakama Kuu ya Marekani ililitambua hilo zaidi ya nusu karne iliyopita. Katika shauri la Goldberg dhidi ya Kelly, lililoamuliwa mwaka 1970, ilisema kwamba mtu anayeishi kwa msaada wa umma hawezi kukatiwa msaada huo kabla ya kupewa nafasi ya kusikilizwa, kwa sababu kumkatia kwanza na kumsikiliza baadaye ni kumwondolea njia ya kuishi katika kipindi kilekile anachongoja. Miaka sita baadaye, katika shauri la Mathews dhidi ya Eldridge, mahakama hiyohiyo ilikataa kutoa ulinzi wa namna hiyo kwa posho za ulemavu. Nimeyasoma maelezo ya mashauri yote mawili na sioni kwa nini njaa ya mtu mwenye ulemavu iweze kungoja zaidi ya njaa ya mwingine. Hoja moja iliyotolewa ilikuwa kwamba uamuzi wa ulemavu hutegemea karatasi za kitabibu, ambazo ni rahisi kuaminika. Waheshimiwa, karatasi iliyomkatia kaka yangu posho ni ya kitabibu pia, na inasema anapanda ngazi.

Niongeze jambo dogo linaloumiza. Baadhi ya wakata rufaa hawajakatiwa tu posho, bali wameambiwa warudishe walicholipwa huko nyuma, na makato yanaanza kabla rufaa haijasikilizwa. Mtu anakatwa kwa deni ambalo bado anabishana iwapo lipo.

3. Ushahidi unachakaa.

Kanuni inayofuatwa katika rufaa hizi, hapa na katika nchi nyingine kadhaa, ni kwamba baraza huangalia hali ya mwombaji ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa. Halipimi alivyo siku anapoketi mbele yake. Ni kanuni yenye mantiki, na mkata rufaa akisikilizwa ndani ya miezi miwili au mitatu haileti shida yoyote. Akisikilizwa baada ya miaka miwili inageuka kuwa mtego. Anaulizwa, Je, Jumanne ile ya miaka miwili iliyopita uliweza kutembea hatua ngapi bila kupumzika? Nani alikufunga vifungo vya shati? Daktari aliyemtibu wakati huo amehamishwa, aliyekuwa akimhudumia amekwenda kuishi kwingine, na yeye mwenyewe, hasa kama maradhi yake yanagusa kumbukumbu, hawezi kutofautisha mwezi ule na miezi iliyofuata. Upande wa pili una ripoti iliyoandikwa siku ileile, yenye tarehe na saini. Hivyo kadiri shauri linavyokawia ndivyo karatasi ya ofisi inavyozidi kuwa na nguvu na sauti ya mkata rufaa inavyofifia, bila mtu yeyote kuwa amekusudia hivyo.

Wanaozidiwa na ugonjwa wakiwa kwenye foleni wanapata tatizo jingine. Kuzidiwa kwao hakuhesabiki katika rufaa, na wanashauriwa waanze maombi mapya. Wengi wanaogopa kufanya hivyo, wakidhani wataonekana wameikana rufaa ya kwanza, na hakuna afisa anayewaeleza vinginevyo.

4. Wengine hawafiki.

Mwaka 1986 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Deumeland dhidi ya Ujerumani. Mwanamke aliyefiwa na mume alidai pensheni ya nyongeza ya mjane, akisema mume wake alikufa kutokana na ajali iliyompata akielekea nyumbani. Madai yalianza mwaka 1970 na yalizunguka katika ngazi za mahakama za hifadhi ya jamii kwa zaidi ya miaka 10. Mama huyo alifariki katikati ya safari hiyo, na mwanawe ndiye aliyeendelea na shauri. Mahakama ilisema kwamba muda huo haukuwa wa kuridhisha na kwamba haki ya kusikilizwa ndani ya wakati ilivunjwa. Ilisema pia kwamba mashauri ya namna hii yanadai bidii ya pekee.

Marekani nako, ripoti ya Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kuwa karibu watu 110,000 waliokuwa wamekata rufaa za posho ya ulemavu walifariki kabla ya kupata uamuzi wa mwisho, kati ya mwaka wa fedha wa 2008 na wa 2019. Hiyo ni nchi yenye majaji wengi wa rufaa hizo na kompyuta za kutosha. Haisemwi kwamba kuchelewa ndiko kulikowaua, nami sisemi hivyo. Nasema tu kwamba waliuliza swali, na serikali yao haikuwajibu wakiwa hai. Katika watu ninaowasaidia, mmoja ameshazikwa. Barua ya kumjulisha kwamba rufaa yake bado inashughulikiwa ilifika baada ya matanga.

5. Hatuambiwi chochote.

Hakuna namba ya foleni, hakuna makadirio ya miezi, hakuna afisa anayetajwa. Mtu akienda kuuliza anaambiwa arudi wiki ijayo, na kwa mwenye ulemavu safari hiyo ina gharama na maumivu.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi nimeshayasikia dirishani, na ningependa kuyagusa mapema ili tusipoteze muda zaidi.

Tutaambiwa kuna mrundikano wa mashauri na upungufu wa wajumbe. Naamini ni kweli, na nawaheshimu wajumbe wachache wanaobeba mzigo wa wengi. Lakini mrundikano hauanguki kutoka mbinguni. Unaanzia kwenye madirisha ambako maamuzi yanatolewa kwa haraka na bila kusoma nyaraka, kisha ubovu wa kazi hiyo unasukumwa kwa baraza. Uingereza, zaidi ya nusu ya rufaa za posho kuu ya ulemavu zilizofika mbele ya baraza katika miaka ya karibuni zimeamuliwa kwa upande wa mwombaji. Taasisi ambayo maamuzi yake yanatenguliwa kwa kiwango hicho haiwezi kusema tatizo lake ni wingi wa watu wanaolalamika.

Hoja hiyohiyo inajibu wale wanaosema watu hukata rufaa bila msingi ili kujaribu bahati. Wapo, bila shaka. Njia ya kuwatenga ni kusikiliza upesi, kwa maana asiye na msingi hunufaika na kuchelewa pale tu ambapo bado analipwa, na hapa kwetu wanaongoja hawalipwi. Anayeumia ni mwenye msingi.

Wapo watakaosema haraka itashusha ubora wa maamuzi. Nakubali kwamba shauri gumu linahitaji muda wa kufikiriwa. Naomba tu itofautishwe siku ambazo jalada linasomwa na mtu na siku ambazo limelala kabatini. Katika miezi 19 ya kaka yangu, kwa kadiri tulivyoonyeshwa, hakuna siku hata moja ambayo jalada limefunguliwa.

Na kuna hofu ya udanganyifu, ambayo huletwa kila mara fedha za umma zinapotajwa. Uholanzi iliiweka hofu hiyo mbele ya kila kitu katika posho za malezi ya watoto. Maelfu ya wazazi walituhumiwa kuwa wadanganyifu, wakadaiwa warudishe fedha nyingi, na waliopinga walihangaika kwa miaka bila kusikilizwa ipasavyo, hadi ukweli ulipobainika kwamba walidhulumiwa na serikali nzima ikajiuzulu Januari 2021. Naitaja habari hii kwa sababu rufaa ndiyo njia ambayo taasisi hujifunza kwamba imekosea. Kila rufaa inayolala kabatini inaweza kuwa na taarifa ya kosa ambalo bado linarudiwa kwa watu wengine mia, na Mheshimiwa Waziri hawezi kulijua mpaka jalada lifunguliwe.

Haya tunayoyadai si mapya wala si makubwa. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unasema kwamba kila mwombaji ana haki ya kukata rufaa akinyimwa fao au akilalamikia ubora au kiwango chake. Pendekezo namba 202 la shirika hilohilo, la mwaka 2012, linaeleza rufaa hiyo iwe ya namna gani: isiyopendelea, iliyo wazi, yenye matokeo, rahisi, ya haraka, inayofikika na isiyo na gharama kubwa, na mwombaji asitozwe chochote kuifikia. Neno “haraka” limewekwa katika orodha moja na neno “isiyopendelea”, na sioni sababu ya kulichukulia kama pambo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, ofisi inayotoa maamuzi iwekewe ukomo wa siku kama alivyowekewa mwananchi: siku 30 za kukamilisha mapitio ya ndani, na siku 30 nyingine za kuwasilisha majibu na vielelezo baada ya rufaa kusajiliwa. Muda huo ukipita bila majibu, baraza lipange tarehe na liendelee kwa ushahidi uliopo. Hili ndilo ombi ambalo mengine yote yanalitegemea.

Pili, fao lililokuwa likilipwa liendelee kulipwa hadi rufaa isikilizwe, isipokuwa pale ambapo mjumbe wa baraza ameridhika kwa maandishi kwamba kuna dalili za wazi za udanganyifu. Makato ya madeni yanayobishaniwa yasimamishwe kwa kipindi hichohicho. Kwa aliyenyimwa fao tangu maombi ya kwanza, ambaye hana cha kuendelezewa, uwepo utaratibu wa malipo ya dharura kwa asiye na kipato kingine.

Tatu, rufaa za wagonjwa mahututi, za waliotolewa katika nyumba zao na za wenye watoto wadogo wasio na kipato zitengewe orodha yake na zisikilizwe kwanza. Kipimo cha kuingia katika orodha hiyo kitangazwe, ili isiwe ya wenye kufahamiana na maafisa.

Nne, kila robo mwaka baraza litangaze rufaa ngapi zinangoja, kongwe kuliko zote ina umri gani ikihesabiwa tangu siku ya uamuzi wa awali, na ngapi zimeamuliwa kwa upande upi. Kila mkata rufaa naye apewe jina la afisa anayelishika jalada lake na makadirio ya tarehe.

Kwa upande wetu, tuko tayari kufika mbele ya kamati yoyote itakayoundwa na kuleta nakala za majalada, kwa idhini ya wenyewe, ili tarehe zithibitishwe moja baada ya nyingine. Kaka yangu ameniomba niandike kwamba yuko tayari kufika yeye mwenyewe, ilimradi chumba kiwe cha chini, maana ngazi hawezi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii kuwafikia.

Kwa heshima,

Mdogo wa mkata rufaa,
kwa niaba yake na ya wengine wanaongoja